Maisha ya William Herschel, Fundi wa Darubini

Darubini ya kioo, ile ambayo mwanga haupiti kwenye lenzi kubwa bali huangukia kioo kilichobonyea kama sahani na kurudishwa juu, ina kiungo kimoja ambacho vitabu vyetu vya Fizikia hukichora kwa mistari miwili iliyonyooka kisha vikakipita kana kwamba hakina maana. Kiungo hicho ni bomba. Kioo hukaa mwisho wa bomba, lenzi ya kuchungulia hukaa karibu na mdomo wake, na kazi ya bomba ni kuvishikilia viwili hivyo mahali pake pasipo kutikisika na kuzuia mwanga wa pembeni usiingie. Ukiiambia hivyo, kazi yenyewe yaonekana ndogo. Lakini bomba likipinda hata upana wa ukucha, nyota iliyokuwa nukta inageuka kuwa mkia wa samaki, na ukipenda usipende kazi yote ya kioo imekwenda bure.

Basi, wasomaji wenzangu, katika makala haya nawasimulia maisha ya mtu aliyelitafuta bomba hilo kuanzia kwenye karatasi hadi kwenye bati, kutoka kwenye bati hadi kwenye mbao, na kutoka kwenye mbao hadi kwenye chuma. Hakusomea ufundi huo chuoni. Kazi yake ilikuwa kupiga muziki.

William Herschel alizaliwa tarehe 15 Novemba 1738 katika mji wa Hanover, ambao leo uko nchini Ujerumani. Babake, Isaac, alikuwa mpiga zumari katika bendi ya jeshi. Mamake, Anna, alizaa watoto kumi na wakakua sita. Mali haikuwapo nyumbani humo, ila palikuwa na ala za muziki na mazungumzo mengi. Isaac alikuwa na mazoea ya kumtoa bintiye Caroline nje usiku wa baridi na kumwonyesha nyota. Watoto wa kiume walifunzwa kupiga ala tangu utotoni, na William alipofika umri wa miaka 14 hivi naye akaingia katika bendi ya babake.

Mwaka 1757 vita vikamkuta. Majeshi ya Ufaransa yaliwashinda watu wa Hanover huko Hastenbeck mwezi Julai, na kijana yule akaona heri nusu shari kuliko shari kamili. Akavuka bahari hadi Uingereza pamoja na nduguye Jacob. Mfalme wa Uingereza ndiye aliyekuwa mtawala wa Hanover pia, kwa hiyo hakuwa amekimbilia kwa adui, ijapokuwa barua rasmi ya kumwachilia kutoka jeshini haikupatikana hadi mwaka 1762. Alianza kwa kunakili karatasi za muziki ili apate chakula. Akafundisha, akapiga, akatunga. Hatimaye mwaka 1766 akapata kazi ya kupiga kinanda katika kanisa moja la mji wa Bath, mji uliojaa matajiri waliokuja kuoga katika chemchemi za maji moto na waliopenda kuburudishwa. Hapo mambo yakamnyookea. Alikuwa na wanafunzi wa kutosha, alikuwa na nyumba, na alitunga simfonia 24 kwa jumla. Angeweza kutulia hivyo hadi uzeeni na hakuna ambaye angemlaumu.

Sasa lazima nimtaje Caroline, kwa sababu habari hii bila yeye ni nusu. Alizaliwa mwaka 1750. Utotoni aliugua ndui iliyomwachia makovu usoni, na alipokuwa na miaka kumi akashikwa na homa kali iliyodumaza mwili wake, hata alipokuwa mtu mzima kimo chake kilikuwa kama sentimita 130 tu. Babake alimwambia wazi kwamba hataolewa. Mamake naye hakutaka afunzwe chochote zaidi ya kushona na kupika, akamfanya mtumishi wa nyumba. Mwaka 1772 William alikwenda Hanover akamchukua, lakini kabla ya kuruhusiwa alilazimika kuahidi kumlipia mama pesa za kuajiri mtumishi mwingine. Hebu fikiria hapo. Dada anakombolewa na kakake kana kwamba ni rehani! Caroline alifika Bath ili afundishwe kuimba, na kweli aliimba vizuri hata akatakikana katika miji mingine.

Ila kakake alikuwa amepatwa na ugonjwa mwingine. Alikuwa akisoma kitabu cha mwalimu mmoja wa Cambridge kuhusu sauti na muziki, Robert Smith, na kwa kuwa mwandishi huyo huyo aliandika pia kuhusu mwanga na lenzi, William akakisoma hicho nacho. Mwaka 1773 akanunua kitabu cha falaki cha James Ferguson, akawa analala nacho kitandani. Kusoma habari za nyota hakukumtosha, alitaka kuziona kwa macho yake.

Akaagiza lenzi kutoka London, maana wakati huo Bath haikuwa na fundi wa lenzi. Zikiwa bado njiani akampa Caroline kazi ya kuunda bomba la kadibodi, yaani karatasi nene iliyogandishwa kwa gundi, lenye urefu wa futi 18 au 20. Urefu huo ni kama mita sita, zaidi ya upana wa darasa kwa shule nyingi. Binti aliyeletwa kuimba akakaa chini kubandika karatasi. Kazi ilipomalizika, hakuna mtu isipokuwa William peke yake aliyefaulu kuona hata kidogo sayari ya Mshtarii au ya Zohali. Sababu ilikuwa bomba. Kadibodi ya urefu huo haikukubali kunyooka, ililegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo.

Si kwamba karatasi ni kitu kibaya kwa kazi hii. Hapana. Karatasi ni nyepesi, haisafirishi joto upesi, na ukiizungusha tabaka nyingi kwa gundi inakuwa ngumu ajabu. Watu wengi wanaojiundia darubini fupi hivi leo hutumia mabomba ya karatasi yanayotengenezwa kwa ajili ya kumimina nguzo za zege, na wanafanikiwa. Kosa lilikuwa urefu. Ukiongeza urefu wa kitu mara mbili bila kuongeza unene wake, kulegea kwake hakuongezeki mara mbili, kunaongezeka maradufu mengi. William akaiacha kadibodi akaingia kwenye mabomba ya bati, na shida ya kupinda ikaisha.

Hata hivyo darubini ya lenzi yenye urefu wa futi 20 au 30 ni mzigo hata ikiwa ya bati. Upepo ukivuma kidogo tu, nyota inacheza dansi. Akakodi darubini ndogo ya kioo, ya futi mbili, akaona jinsi ilivyokuwa rahisi kuishika na kuielekeza. Akauliza bei ya kubwa zaidi, akaambiwa bei isiyoshikika. Ndipo alipoamua kuitengeneza mwenyewe. Kwa bahati njema palikuwa na mtu mmoja Bath, mfuasi wa dhehebu la Quaker, lile lile la Marafiki lenye waumini wengi huko Kaimosi na Vihiga, ambaye alikuwa akijifurahisha kwa kusugua vioo na sasa amechoka. William akamnunulia vifaa vyake vyote.

Nyumba ikageuka karakana. Seremala aliingia sebuleni, mle mle walimopokelewa wageni, akawa anaranda mbao za bomba na miguu ya kulisimamisha. Ndugu yao Alexander, mpiga ala hodari na fundi wa kuzaliwa, aliweka mashine kubwa ya kuchongea katika chumba cha kulala. Wanafunzi wa muziki walikuja kwa masomo yao wakipita juu ya takataka za mbao. Caroline aliyaona hayo kwa uchungu, kwa kuwa alikuwa msichana msafi na yeye ndiye aliyefagia.

Vioo vya wakati ule havikuwa vya gilasi. Vilikuwa vya madini, shaba ikichanganywa na bati safi katika tanuri, ikasubiwa katika kalibu, ikapoa, kisha ikasuguliwa kwa mkono mpaka ing'ae. Mchanganyiko huo ni mgumu lakini ni mwepesi kupasuka kama chungu. Hata ukiwa mpya kabisa hurudisha sehemu kama sita tu katika kumi za mwanga unaouangukia, na hewa yenye unyevu huufanya ufifie, ikabidi usuguliwe upya. Kusugua nako kuna sharti lake: ukiacha katikati, umbo linaharibika. Wakati mmoja William hakuondoa mikono juu ya kioo kwa saa 16 mfululizo. Caroline alisimama kando akimlisha tonge kwa tonge kinywani, na mikono ya kakake ikiendelea kazi akamsomea hadithi ili asichoke.

Darubini iliyomtoa Herschel gizani ilikuwa ya futi saba, yenye kioo cha upana wa inchi 6.2 kilichomalizika mwaka 1778. Darubini zake za urefu huo zilikuwa na bomba la mbao za mahogani. Nao mti aliuchagua kwa akili. Bomba halikuwa la mviringo bali la pande nane, kwa kuwa seremala yeyote anaweza kuunganisha mbao bapa nane zikanyooka barabara, ilhali kuupinda ubao uwe duara ni kazi ya watengeneza mapipa. Tena kioo cha mviringo kikiwekwa ndani ya pembe nane, pembe zinabakiza nafasi ndogo ambamo hewa hupita. Mahogani yenyewe ni mbao tulivu. Ikikaushwa vizuri haijikunji ovyo kama mbao laini, na ukiigonga mtetemo wake hufa upesi. Kwa urefu wa futi saba, sidhani kama leo tungemshauri vingine. Mabaya yake ni uzito, na pia mbao, hata iwe nzuri vipi, hunywa unyevu.

Usiku mmoja wa Desemba 1779 mwezi ulikuwa upande wa barabarani, basi William akaitoa darubini hiyo nje mbele ya nyumba. Bwana mmoja akipita akasimama, akaomba kuchungulia, akashangaa mno. Kesho yake akarudi kushukuru. Alikuwa Daktari William Watson, mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London, na kupitia kwake jina la mpiga kinanda likaanza kufika masikioni mwa wanasayansi.

Tarehe 13 Machi 1781, katika bustani ya nyumba yake ya New King Street, Herschel alikuwa akizipitia nyota moja baada ya nyingine kama mwalimu anavyoita majina asubuhi. Moja haikuitika kama wenzake. Nyota halisi iko mbali mno, ukiikuza mara ngapi hubaki nukta. Hii, alipobadilisha lenzi kutoka ukuzaji wa mara 227 hadi 460 na 932, iliongezeka upana. Siku nne baadaye aliitazama tena, akaona imehama. Alidhani ni kometi, yaani nyota yenye mkia, na ndivyo alivyoripoti. Wataalamu wa hesabu, miongoni mwao Anders Lexell, walipopiga njia yake wakakuta inazunguka jua mbali kuliko Zohali, karibu mara mbili ya umbali wake. Kumbe ni sayari! Tangu enzi za Babeli watu walihesabu sayari zile zile tano za angani, na sasa mwanamuziki ameongeza nyingine. John Flamsteed, mnajimu wa mfalme, alikuwa ameiandika kama nyota tangu mwaka 1690 bila kuitambua. Herschel alitaka iitwe kwa jina la Mfalme George wa Tatu, lakini mataifa mengine hayakutaka, na jina lililoshinda ni Uranus, lililopendekezwa na Johann Bode wa Berlin.

Mwaka huo huo nusura mambo yamwendee mrama. Alikuwa na tamaa ya kioo cha upana wa futi tatu, na kwa kuwa hakuna kiwanda kilichokubali kukisubu, akajenga tanuri kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Kalibu ilitengenezwa kwa udongo uliochanganywa na samadi ya farasi, ambayo ilibidi itwangwe kinuni na kuchekechwa. Caroline alitwanga, Daktari Watson naye akatwanga. Mwezi Agosti 1781 wakamimina. Kioo cha kwanza kilipasuka kikipoa. Mara ya pili tanuri lilivuja, madini ya moto yakatiririka sakafuni, na mawe ya sakafu yakaanza kulipuka na kuruka kila upande hadi darini. Wasubaji walikimbia kupitia mlango mmoja, Herschel na nduguye mlango mwingine, naye akaanguka juu ya rundo la matofali kwa joto na uchovu. Hakuna aliyekufa. Ila yaliyotokea katika chumba kile yangetosha kumaliza habari hii mapema.

Mwaka 1782 Mfalme alimpa mshahara wa pauni 200 kwa mwaka aache muziki na kushughulikia nyota. Zilikuwa pungufu ya alizopata kwa kinanda na wanafunzi. Alikubali. Wakahamia Datchet karibu na kasri la Windsor, katika nyumba iliyovuja, kisha mwaka 1786 wakafika Slough ambako aliishi hadi mwisho. Kuhama huko kulimaanisha kwamba Caroline naye aache kuimba. Sijaona mahali popote panapoonyesha kwamba aliulizwa. Alipewa darubini ndogo na kuambiwa atafute kometi, na usiku mwingine wote akae na kalamu, saa na mshumaa, akiandika kila kakake alichokitamka kutoka juu ya ngazi.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari zake. Tarehe 31 Desemba 1783 theluji ilikuwa imefunika uwanja, na chini ya theluji palikuwa na kulabu za chuma za mitambo ya darubini mpya ya futi 20, kama zile za kutundikia nyama kwa bucha. Mawingu yalifunguka, William akamwita dada yake aharakishe. Caroline alikimbia gizani akateleza, kulabu ikamwingia mguuni juu ya goti. Walipomnyanyua, kipande cha nyama kilibaki kwenye kulabu. Alijiuguza mwenyewe nyumbani kwa wiki kadhaa, na jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa usiku uliopotea. Akafarijika kwamba kulikuwa na mawingu.

Darubini hiyo ya futi 20, yenye kioo cha inchi 18.7, ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote. Kwayo alikusanya orodha tatu za mawingu ya nyota na vishada vya nyota, mwaka 1786, 1789 na 1802, jumla 2,500. Lakini mtu aliyezoea kupanda hatosheki na kilima. Alimwomba Mfalme pesa za kuunda darubini ya futi 40, akapewa pauni 2,000, na zilipokwisha akapewa 2,000 nyingine.

Hapa ndipo swali la bomba lilipomkabili kwa uso mkavu. Kioo kilikuwa cha upana wa futi nne. Bomba basi liwe refu futi 39 na inchi 4, na upana wa futi 4 na inchi 10, yaani karibu mita 12 kwa mita moja na nusu, matatu kama mbili zikifuatana. Litengenezwe kwa nini? Kadibodi haikufikiriwa hata kidogo. Mbao alizijua na alizipenda. Lakini akapiga hesabu: bomba la mbao la ukubwa ule lingekuwa zito kupita la chuma kwa ratili 3,000 au zaidi, yaani zaidi ya kilo 1,300. Wengi hushangaa hapo, kwani tumezoea kwamba chuma ni kizito na mbao ni nyepesi. Ni kweli ukipima kipande kwa kipande. Lakini ubao, ili usimame bila kulegea kwa urefu huo, lazima uwe mnene na ufungwe mihimili, ilhali bati la chuma likishaviringishwa kuwa duara hupata ugumu kutokana na umbo lenyewe hata likiwa jembamba. Lile la Herschel lilikuwa jembamba kupita robo tatu ya milimita! Aidha alijua kwamba mbao zikikaa nje mwaka baada ya mwaka, mvua ikinyesha na jua likiwaka, hazingedumu kama chuma.

Na yale mabati aliyaungaje? Hakutumia ribiti. Kila bati lilikunjwa pindo, mapindo mawili yakaumana, yakagongwa yakashikana, kama walivyofanya mafundi wa mabomba ya moshi ya majiko. Mwanafunzi wa bweni asiyeelewa aende atazame sanduku lake la bati pale pembeni. Mafundi wa Kamukunji wanaunda masanduku kwa ufundi wa namna hiyo hiyo, nyundo na pindo. Mabati yote yaliungwa kwanza yakiwa bapa, yakawa kama shuka moja ya chuma ya futi karibu 40 kwa futi 15 na inchi 4, ndipo yakaviringishwa. Kazi ilifanyiwa katika ghala moja. Siku ya kulitoa bomba, wanaume 24 walilibeba kwa vitambaa vizito vilivyopitishwa chini yake na kufungwa kwenye miti, kwa maana chuma chembamba hivyo ukikishika kwa vidole katika sehemu moja kinabonyea.

Lilipokuwa limelala chini, wageni walipita ndani yake wakitembea. Mfalme George mwenyewe aliingia, nyuma yake Askofu Mkuu wa Canterbury akijikwaa, na Mfalme akamnyoshea mkono kwa mzaha kwamba atamwonyesha njia ya kwenda mbinguni. Joseph Haydn, mtunzi mkubwa wa muziki, alifika kulitazama mwaka 1792. Herschel naye, mwezi Februari 1787, hakuweza kungoja mambo yakamilike. Alijilaza mdomoni mwa bomba akiwa na lenzi mkononi, akijisogeza huku na huku hadi wingu la nyota katika Orion likatokea.

Kioo cha kwanza kilikuwa chembamba mno, kikalegea kwa uzito wake. Kingine kilipasuka. Cha tatu, kilichosubiwa mwaka 1788, kilikuwa na uzito wa karibu tani moja. Hatimaye Agosti 28, 1789, chombo kikiwa kimesimama katika jukwaa lake la miti na ngazi linalozunguka juu ya magurudumu, Herschel aliona mwezi wa sita wa Zohali, Enceladus, na tarehe 17 Septemba wa saba, Mimas.

Kwa maoni yangu darubini hiyo ilikuwa fahari zaidi kuliko faida. Kioo kilififia haraka, kulisogeza bomba kulihitaji watu wawili wa ziada, na katika hali ya hewa ya Uingereza usiku unaofaa ni wa kuhesabu. Joto nalo lilimsumbua. Alikwisha kugundua kwamba darubini iliyotolewa chumbani penye joto haionyeshi vizuri mpaka kioo na hewa ndani ya bomba vipoe sawa na nje. Bomba kubwa na kioo cha tani moja huchukua usiku kucha kupoa! Mara nyingi alirudia ile ya futi 20. Lakini bomba halikumwangusha. Kila lawama aliyoiandika kuhusu chombo hicho ilikuwa ya kioo, au ya hewa, au ya kazi ya kukitunza.

Alipata pesa pia kwa kuuza darubini. Mfalme wa Hispania alinunua moja ya futi 25 kwa pauni 3,150. Ilifika Madrid mwaka 1802, na mwaka 1808 wanajeshi wa Napoleon wakaivunja jukwaa na bomba. Vioo vilinusurika.

Kwa wanachama wenzangu wa chama cha sayansi ambao wamekuwa wakibishana kuhusu bomba la kutumia, hesabu ya Herschel bado ni ile ile. Kioo cha inchi sita hakihitaji chuma. Bomba la plastiki la maji lililo pana hivyo linapatikana kwa urahisi lakini ni zito, na likiachwa juani hulegea. Bati la mjini litalia kama ngoma likiguswa. Mimi ningechukua plaiwudi bapa nne au nane, nikapaka rangi nje na masizi ndani, nikamwita seremala wetu.

Mwaka 1788 Herschel alimwoa Mary Pitt, mjane jirani yake, na mwaka 1792 wakamzaa John, ambaye naye alikuja kuwa mwanafalaki mashuhuri. Caroline alihama nyumba akaishi vyumba vya kupanga. Daftari zake za miaka kama kumi baada ya harusi hiyo aliziharibu, na tunaweza kukisia kwa nini. Tangu mwaka 1787 alikuwa akilipwa na Mfalme pauni 50 kwa mwaka kama msaidizi, na kati ya mwaka 1786 na 1797 aligundua kometi nane. Kakake naye mwaka 1800, akipima joto la rangi za mwanga kwa vipimajoto, aligundua mionzi iliyo nje ya nyekundu, isiyoonekana kwa macho. Mwaka 1803 alionyesha kwamba nyota nyingine pacha huzungukana kweli kweli.

Alifariki huko Slough tarehe 25 Agosti 1822, akiwa na miaka 83. Uranus huchukua miaka 84 kuzunguka jua mara moja. Caroline alirudi Hanover alikozaliwa, akakusanya upya orodha ya mawingu ya nyota ili John aitumie, akapewa nishani ya dhahabu na Jumuiya ya Falaki mwaka 1828, na akaishi hadi Januari 1848. Alikuwa na miaka 97.

Jukwaa la miti la darubini kubwa ndilo lililooza kwanza. Mwishoni mwa mwaka 1839 John alikuwa amelibomoa, na usiku wa kuukaribisha mwaka 1840 akaingia ndani ya bomba pamoja na mkewe na watoto wake, wakakaa humo wakaliimbia wimbo wa kuliaga. Bomba lililazwa bustanini. Mwaka 1867 mti ulianguka juu yake ukaliponda sehemu kubwa. Kipande kilichosalia, cha urefu wa futi kama kumi, kiko Greenwich.